Mwito wa Majina Katika Nchi ya Salihina

Jumanne, siku ya kumi na saba ya mwezi wa pili wa baridi, saa tatu na robo asubuhi, nchi ya Salihina iliharibika. Nasema saa hiyo, wala si nyingine, kwa maana wapo watu, hasa wale walioshiba wakati huo, wapendao kusema kwamba nchi iliharibiwa na theluji, au njaa, au homa ya mapafu tuliyoshuka nayo merikebuni. Sivyo. Theluji ni ya Mungu, njaa ni ya shamba lisilolimwa, na homa haina chuki na mtu. Lakini lililotendeka saa tatu na robo lilikuwa la Liwali, na la Liwali litabaki kuwa la Liwali hata likipakwa chokaa.

Alfajiri alikuwa amefariki mtu wetu wa kwanza, seremala aitwaye Randa, na saa hiyo ndugu yake akaenda kwa mkuu wa nchi, Liwali Sitiri, kuomba mbao nne za jeneza na ruhusa ya kusimamisha jiwe. Liwali alimsikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza hakukumgharimu kitu, kisha akaamuru kwamba Randa hatapata jeneza, hataliliwa, wala hatawekewa jiwe, kaburi lake litasawazishwa na kufagiliwa theluji kwa tawi la msonobari, na kesho asubuhi ngoma itakapolia, jina la Randa litaitwa kama lilivyoitwa jana, na ndugu yake ataitika, "Nipo." Yule ndugu alitoka nje na kofia mkononi, asijue kama amefiwa au hakufiwa. Tangu saa ile hapana mtu aliyekufa rasmi katika Salihina, ingawa watu walianguka kama kuku wenye kideri.

Ili msomaji asidhani kuwa tulizaliwa wendawazimu, yapasa aelezwe tulikotoka. Ng'ambo ya bahari iko nchi iitwayo Lazima, na mfalme wake, Amri, alikuwa na nyumba ya ibada katika kila mji, na katika kila nyumba ya ibada alikuwa na askari mwenye orodha. Kila siku ya saba askari aliita majina, na raia wakaitika, "Nipo," ndipo sala ianze. Mgonjwa aliletwa kwa machela. Aliyekataa kuitika alikatwa sikio, kwa hoja kwamba sikio lisilosikia mwito halina kazi kichwani. Basi palikuwa na jamaa ya watu wachache, wafumaji na washona viatu na wakamua maziwa, walioamini kwamba mja haitwi mbele ya Muumba wake kwa orodha, bali huenda mwenyewe kama mtoto aendavyo kwa mamaye. Walisali ghalani katikati ya ng'ombe, na ng'ombe hawakumshitaki mtu. Majirani ndio walioshitaki. Jamaa ile ilipochoka kupoteza masikio iliuza vitanda vyake na mitambo yake ya kufumia, ikapanda merikebu iitwayo Tawakali, watu mia moja na wawili, ikaelekea machweo kutafuta nchi ambayo ingeitwa Salihina, yaani ya watu wema.

Safari ilichukua siku sabini na moja, na sehemu kubwa ya siku hizo tuliinamia ndoo. Mabaharia walitufanyia mzaha. "Enyi wasali," alisema mmoja wao, "mwombeni basi Mola wenu ageuze upepo, au naye amepatwa na kichefuchefu?"

"Ndugu yangu," akajibu abiria mmoja bila kuinua kichwa, "tukifika salama tutakuombea na wewe. Kwa sasa nishikie ndoo."

Aliyejibu hivyo alikuwa Stahamili, mfumaji wa blanketi, mtu wa sikio moja. Mkewe, Tulizo, alicheka mpaka binti yao Afua akaamka usingizini. Nakitaja kicheko hicho kwa sababu hakikupata vingi vya kukifuata.

Tulipofika ufukweni tulichagua kiongozi. Sitiri alichaguliwa kwa sababu alikuwa mrefu, na kwa sababu baharini hakutapika. Hiyo ndiyo hekima ya watu waliochoka: humpa utawala yule ambaye tumbo lake limetulia. Naye Sitiri, mara alipovaa cheo, aliona jambo la kuogopa. Ng'ambo ya mto, ndani ya msitu, walikaa wenyeji walioitwa Watangulizi, ambao wakubwa wetu waliwapa jina la Wasiojua. Watu hao hawakutudhuru. Walisimama katikati ya miti, wakatutazama, wakaenda zao. Lakini mwenye hofu hadhani kama anatazamwa, hudhani anahesabiwa. "Siku watakapojua tumepungua," alisema Liwali, "watakuja kutumaliza."

Ndipo ikatungwa Sheria ya Utimilifu, ambayo maneno yake yalikuwa machache na maafa yake mengi: Salihina ina watu mia moja na wawili, na itakuwa na watu mia moja na wawili daima. Kila asubuhi watu walijipanga kando ya boma la magogo, upande unaotazama msitu. Karani Idadi, mtunza orodha, alipanda jukwaani akaita majina yote kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto, na kila jina liliitikiwa. Jina la marehemu liliitikiwa na jamaa yake wa karibu, au jirani akikosekana jamaa, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, ili sikio la msituni lisishuku. Na kwa kuwa shamba lenye ngwe zilizolala, yaani vipande vya watu visivyolimwa, lingetoa siri ambayo sauti zilikuwa zikiificha, aliyeitika kwa niaba ya maiti alipaswa pia kufyeka ngwe ya maiti wakati wa theluji na kuilima theluji iyeyukapo. Aliyefiwa na mmoja alikuwa na ngwe mbili. Aliyefiwa na wawili alikuwa na tatu. Naye akiangushwa na kazi, zote tatu zilimwangukia aliyebaki, juu ya yake mwenyewe. Hivyo kifo kilizaa kazi, kazi ikazaa kifo, wala hapakuwa na mkunga aliyethubutu kukata kitovu. Liwali hakuwa na ngwe. Ilielezwa kwamba yeye amebeba mzigo wa fikira, na kwa kweli tulimwona mara nyingi ameubeba, ameketi karibu na moto.

Tulizo alikufa mwishoni mwa mwezi wa nne wa baridi. Kabla yake alikuwa amekufa mdogo wake, naye Tulizo alikuwa akimwitikia na kumfyekea ngwe mpaka mgongo ukakataa. Stahamili alimzika kilimani kulipopambazuka, katika ukungu, watu wa Liwali wakapita na tawi lao, na jua lilipochomoza ngoma ikalia. Karani Idadi akaita, "Tulizo!" Akaitika Afua, mtoto wa miaka kumi na sita, "Nipo." Stahamili alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Mimi ambaye nami nilimfukia wangu mahali nisipoweza tena kupaonyesha, najua alivyosikia moyoni, na sitaeleza.

Kuanzia siku hiyo Afua alikuwa na majina matatu ya kuitikia na ngwe tatu za kulima: yake, ya mama yake, na ya mama yake mdogo. Baba yake angezichukua, lakini naye alikuwa na nne za wanaume waliokufa katika ukoo, na sheria ilitaka mtazamaji wa msituni aone mwanamke juu ya ngwe ya mwanamke.

Asubuhi moja ya mwezi wa kupanda, theluji imekwisha kuyeyuka, Afua alirudi kutoka mwitoni akaketi kizingitini.

"Leo nimekosea, baba," alisema. "Nimemwitikia mama kwa sauti ya mama mdogo."

"Karani amekukemea?"

"Ameniuliza kama mama mdogo ana mafua. Nimemwambia yu afadhali kuliko jana."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha alikunja kitambaa upesi akakiweka chini ya paja. Baba yake alinyosha mkono. Afua hakukitoa. Walitazamana kitambo, mpaka binti akashindwa akakitoa, na doa lililokuwamo lilikuwa jekundu, sawasawa na lile ambalo Stahamili aliliona katika kitambaa kingine, majuma matatu kabla ya kumzika mwenye kitambaa.

"Baba, ya mama imebaki kipande tu," alisema Afua.

"Na ya mama yako mdogo?"

"Hiyo sijaigusa."

"Na yako?"

Afua akatazama viatu vyake. "Mimi sijafa, baba. Yangu inaweza kungoja."

Stahamili alimrudishia kitambaa. Alichukua kofia akaenda kwa Liwali, akamkuta anakausha soksi juu ya jiko.

"Liwali Mtukufu," alisema, "nina mtoto mmoja, naye anatema damu. Nakuomba umwondolee ngwe mbili za marehemu."

"Za nani?"

"Za marehemu, Mheshimiwa. Mama yake na mama yake mdogo."

"Neno hilo silijui," alisema Liwali.

"Basi za wale wasiofika kazini."

Liwali aligeuza soksi upande wa pili. "Bwana Stahamili, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikimwondolea binti yako, kesho watakuja arobaini mlangoni pangu. Nikiwaondolea arobaini, shamba litaonekana lilivyo. Shamba likionekana lilivyo, Wasiojua watajua."

"Watajua nini, Mheshimiwa?"

"Kwamba tumekufa."

"Na wewe ndiwe usemaye hatujafa."

"Ndiyo maana sitaki mtu aniharibie kazi. Mwambie binti alime polepole."

"Na akifa?"

"Hatafa," alisema Liwali, kwa upole wa mtu mwenye uwezo juu ya jambo hilo. "Hapana mtu anayekufa katika Salihina."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini wahenga hawakumjua Sitiri, aliyeficha maradhi, kisha akakificha na kifo chenyewe. Kesho yake ngoma ililia kama kawaida, watu wakajipanga, Karani Idadi akapanda jukwaani akaanza kuita. Alipofika kwa Tulizo, Afua alivuta pumzi. Baba yake alimziba kinywa kwa kiganja, akasema kwa sauti ya mtu anayemjibu mgeni mlangoni, "Amekufa."

Karani alidhani amesikia vibaya. Akaita tena, "Tulizo!"

"Amekufa, Karani. Wewe mwenyewe ulimshika miguu tukimzika."

Watu wote waligeuka kuutazama msitu, wakingoja mishale. Haukuja mshale. Alikuja askari wa Liwali, akamfunga Stahamili mikono.

Mashitaka yalisomwa siku ya nne, katika nyumba ya baraza, Liwali Sitiri mwenyewe akiwa mwamuzi. Tawakali ilikuwa bado imetia nanga, ikingoja upepo wa kurudi Lazima, na adhabu iliyoombwa ilikuwa kumrudisha mshitakiwa huko, ambako sikio lake la pili lilikuwa likingojewa. Wala hayo hayakuwa mabaya zaidi. Stahamili akiondoka, jina lake lingeendelea kuitwa. Jirani yeyote angetoa sauti, lakini ngwe zake, kwa kuwa hakuwa na jamaa mwingine aliyebaki, zingemwangukia binti yake, maana mwanamume akikosekana sheria ilimvisha mwanamke koti la kiume. Afua aliingia barazani akishikiliwa mkono na Bi Waziwazi, mfuaji nguo, mwanamke asiyejua kunong'ona. Kila mtu aliyemtazama msichana yule alijua kwamba kesi ya baba ilikuwa ya binti, na kwamba neno moja la mle ndani lingemrudisha kitandani au kumpeleka kilimani.

Karani Idadi akasoma: "Kwamba wewe, Stahamili, mfumaji, mbele ya umma, kwa kutumia neno moja, ulimwua Tulizo mkeo, raia timamu aliyeitika kila siku, ukaipunguza nchi."

"Alikuwa amekufa mwezi mzima," alisema Stahamili.

"Kwa mujibu wa orodha hii aliitika siku iliyotangulia."

"Nani aliyeitika?"

"Orodha haiandiki nani," alisema Karani, bila kuinua uso. "Huandika 'Nipo.'"

"Jitetee," alisema Liwali, "na ujitetee kwa adabu."

Stahamili alisimama. "Mimi si mtu wa chuo," alisema, "nitasema nilichojifunza katika kazi yangu. Uzi ukikatika mtamboni, mfumaji mwenye akili husimamisha kazi, akafunga fundo, akaendelea. Fundo huonekana. Lina ubaya wake kwa macho, lakini blanketi hushika. Mfumaji mpumbavu hupitisha kiganja juu ya tundu, akasema hapana kitu, akafuma mbele, na tundu likamfuata mpaka upindo. Waungwana, anayeuziwa blanketi hudanganyika kwa siku moja. Baridi haidanganyiki hata usiku wa kwanza. Mimi nilikatwa sikio Lazima kwa kukataa kusema 'Nipo' mahali ambapo moyo wangu haukuwapo. Leo nahukumiwa kwa kumzuia mtoto asimsemee 'Nipo' mtu ambaye hata mwili wake haupo. Basi naomba kuelezwa faida ya zile siku sabini na moja za kutapika."

"Na ndoo zilikuwa mbili tu," alisema Bi Waziwazi.

"Nyamaza, mama," alisema askari.

"Nimenyamaza tangu mwezi wa pili, mwanangu. Mume wangu umekuwa ukimwitikia wewe, na humfai hata kwa kikohozi."

Liwali aligonga meza. Alikuwa na shahidi, na alimwamini shahidi wake kuliko Kitabu. "Mshitakiwa asema hakudhuru kitu," alisema. "Tutathibitisha sasa kwamba Sheria ya Utimilifu ilikuwa ngao, na kwamba ngao hiyo ameivunja. Aletwe yule mwanamke wa msituni."

Akaingia Bi Yakini, mwanamke wa Watangulizi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, aliyejifunza lugha yetu kwa mabaharia waliokuja zamani kukausha samaki ufukweni kwao. Alikuwa akifika langoni mara kwa mara na kapu la samaki, akibadilishana kwa sindano. Alitazama mahali pa kuketi, asipate, akaketi juu ya kapu lake.

"Bibi," alisema Liwali kwa sauti ya fahari, "uwaambie watu hawa: nyinyi mlio ng'ambo mnaamini sisi tu wangapi?"

"Arobaini na saba," alisema Bi Yakini.

Kalamu ya Karani Idadi ilianguka chini.

"Umesikia vibaya swali," alisema Liwali. "Nauliza mlivyoamini kabla ya mtu huyu kusema."

"Kabla hajasema mlikuwa arobaini na wanane. Mzee wa nyumba ya mwisho alikuwa bado anawasha moto wake. Siku hizi tatu hatujauona moshi, nasi tumesikitika."

"Lakini kila siku mlisikia majina mia moja na mawili."

"Tuliyasikia," alisema Bi Yakini. "Twayajua kuliko ya kwetu. Bwana mkubwa, mtu aliyekufa hateki maji. Njia yenu ya kisimani ilikuwa pana, ikawa nyembamba, sasa imeota majani pande zote. Na sauti: iko sauti moja ya msichana mwenye kifua, huitika mara tatu kwa majina matatu. Watoto wetu wamefanya mchezo. Mmoja hupanda juu ya kisiki akaita, na mwingine huitika kwa sauti nene, kisha nyembamba, kisha ya kukohoa. Anayecheka kwanza ndiye aliyekufa."

Hapo ndipo Afua alipocheka. Alicheka kidogo, akajiziba kinywa, kisha Bi Waziwazi akacheka naye, na askari, na watu waliokuwa hawajacheka tangu merikebuni, kicheko kikapita katika baraza kama mlango uliofunguliwa katika chumba cha moshi. Mle ndani walikuwamo waliocheka huku machozi yanawatoka, na hapakuwa na aliyewauliza wanacheka au wanalia.

Liwali alingoja mpaka wakanyamaza. "Kama mlijua," alisema, "mbona hamkuja kutushambulia?"

"Kuchukua nini? Kikohozi?"

"Basi mbona hamkusema?"

Bi Yakini alionekana kushangaa. "Tulidhani ni dini yenu," alisema. "Tulidhani watu wenu huwaabudu wafu wao kwa kuwaitikia na kuwalimia. Tulisema ni dini ngumu, itawaua, lakini mtu hamwendei mwenzake kumfundisha namna ya kuomboleza."

Maneno hayo yalisemwa kwa heshima, na kwa sababu hiyo yalichoma zaidi. Mtu wa akili angeondoa kesi papo hapo. Lakini Sitiri alikuwa ameifuata njia ile miezi minne, na mpotevu aliyetembea sana huona haya kurudi kuliko kupotea. Alisema hukumu itolewe kwa mikono, kama desturi ya Salihina ilivyo. "Wapo hapa watu arobaini na saba," alisema, "nao wainue watakavyo. Yako majina mengine hamsini na matano yaliyo chini ya ulinzi wangu. Kwa niaba yao nainua mimi, na hayo yote yanamtia mshitakiwa hatiani. Karani, hesabu."

Watu wakatazamana. Hapo ndipo tulipofahamu, tuliokuwa wazito wa kufahamu, jinsi wake zetu na ndugu zetu walivyokuwa wakitumiwa: kilimani hawakuruhusiwa hata kulala, bali kila siku waliamshwa kulima, kuitika, na sasa kumhukumu mtu wao. Stahamili alifumba macho. Afua aliinuka akamwendea baba yake akasimama kando yake, akiwa amemshika upindo wa koti, na mikono ya watu ikaanza kuinuka mmoja mmoja kumwachilia, wa kwanza ukiwa wa askari.

Karani Idadi aliokota kalamu. Alikuwa mtu mwoga. Tusimfanye shujaa leo kwa kuwa mambo yalikwenda vizuri. Alipita safu kwa safu, akahesabu, akarudi mezani, akahesabu tena kuanzia mwisho. "Wanaomwachilia mshitakiwa ni arobaini na mmoja," alisema. "Wanaomtia hatiani ni sita."

"Umesahau hamsini na matano yangu," alisema Liwali.

"Mheshimiwa," alisema Karani, "mikono yako ni miwili, na ulioinua ni mmoja. Nimekwisha kuuhesabu katika wale sita."

Hivyo ndivyo Sheria ya Utimilifu ilivyokufa, mchana kweupe, na hapana aliyetakiwa kuiitikia. Stahamili alifunguliwa kamba. Alimbeba binti yake mpaka nyumbani, ingawa Afua alilalamika njiani kwamba yeye si mtoto na kwamba watu wanatazama. "Na watazame," alisema baba. "Wana macho arobaini na manne ya kuongezea kwenye yako na yangu."

"Hesabu hiyo si sahihi, baba."

"Hata kidogo. Nimechoka na iliyo sahihi."

Afua alilala siku tatu mfululizo. Bi Waziwazi alikuwa akimwekea kioo puani kila saa moja, na siku ya nne asubuhi Afua alifumbua macho, akakisukuma kioo, akaomba uji. Stahamili aliupika mwenyewe ukaungua, na msichana akaula wote. Damu ilikoma kabla ya mwezi kwisha. Ngwe hamsini na tano ziliachwa zilale, na hizo zilizobaki, kila mtu akiwa na yake moja, zilipata nguvu ambazo zamani zilitawanywa. Bi Yakini alituonyesha kuzika samaki wawili chini ya kila shina la mahindi, na mahindi yakapanda mpaka begani. Sitiri hakufungwa wala hakukatwa kitu. Alivuliwa cheo akapewa ngwe yake mwenyewe na jembe. Inasemekana siku ya kwanza alichimba hatua nne akaketi, akauliza kama watu wengine nao huumwa hapa, akaonyesha mgongo. Akaambiwa ndiyo, huumwa hapo hapo.

Baada ya mavuno tulikwenda kilimani kuwazika waliokwisha kuzikwa. Kwa kuwa tawi la Liwali lilifanya kazi yake vizuri, hapana aliyejua nani amelala wapi. Tulipanda mawe hamsini na matano kwa makisio. Stahamili alichagua mahali chini ya mteremko, pasipo na upepo, akaweka jiwe lake akalisukuma kwa mguu mpaka likatulia. "Kama aliye hapa ni mwingine," alisema, "basi, jirani, tafadhali umfikishie salamu." Kisha akakaa chini karibu na jiwe, akamlilia mkewe kwa sauti, miezi minane baada ya kumzika, na sisi wengine tukalia naye, na kulia kule kulikuwa kutamu kama kuvua viatu vya kubana baada ya mwendo wa siku nzima. Nimelia mara nyingi maishani. Sijapata kurudi nyumbani nimepumzika kama siku ile.

Bi Yakini na watu kumi wa kwao walikuwa wamekuja kusimama nasi, kwa adabu, pembeni, vichwa wazi. Tulipomaliza alikuja akagusa jiwe la Tulizo kwa vidole, akasema kwamba sasa amefurahi kuona kuwa tunazika kama wanavyozika binadamu. Alisema kwao iko desturi moja tu ambayo hakuona tukiitimiza, na pengine tuliitimiza asipokuwapo. Mchimba kaburi, alisema, kabla ya kutia jembe humwendea mwenye ardhi akaomba mahali, na mwenye ardhi hakatai kamwe, lakini huombwa. Karani Idadi alimtazama Sitiri. Sitiri aliutazama mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yake. Stahamili, aliyekuwa na jibu kwa mabaharia na kwa maliwali, alifuta uso kwa mkono akatazama udongo uliokuwa katika kucha zake. Bi Yakini hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia, akangoja, na kila mavuno yanapoingia ghalani, na sasa yameingia ya tatu, huja langoni na kapu lake akatuuliza tena:

"Nyumba hizi na makaburi haya, mlimwomba nani?"